Biro ya Papa Séverin

Rajasthan, India
9 Februari 2025

Papa mpendwa,

Habari za hapo Overport? Miguu ya Mama inaendeleaje, au bado anasimama kutwa jikoni akisuka wateja? Mimi mzima, ila tumbo.

Ulisema chuo cha usanifu majengo kikitupeleka kwenye kasri la mfalme nikueleze kila kitu, nawe fundi vigae ujifunze. Haya. Nje marumaru nyeupe, nzuri mno. Ndani kunanuka. Popo wamejaza mavi chini ya dari za nakshi ya dhahabu, na kila kona watu wametema tambuu. Nilikanyaga kitu laini, sikutazama chini.

Kilichonichefua zaidi ni ua wa wake za mfalme. Vyumba kumi na viwili vinauzunguka, vyote sawasawa. Nyuma ya kuta kuna kichochoro cha siri. Mfalme alikipita kwenda kwa amtakaye, wengine wasijue. Kiongozi wetu alikisifu huku akicheka. Mimi nilimfikiria mke wa chumba cha mwisho, ametega sikio ukutani.

Bintiyo,
Larissa

Overport, Durban
16 Februari 2025

Mwanangu Larissa,

Amani ya Bwana iwe nawe. Mama yako mzima, miguu tu inavimba. Annick, yule wa kwaya yetu, anakusalimu sana. Nilimsomea barua yako, akaipenda.

Popo achana nao. Hicho kichochoro upana wake ni kiasi gani? Nataka kuongeza chumba kule uani, kiwe biro yangu, ofisi ya kazi. Njia ipite nyuma ya tangi la maji, isionekane kutoka jikoni, wateja wangu wasimsumbue mama yako. Weka na bafu. Nichoree, wewe ndiye msomi wetu. Mama usimwambie kwanza, nataka kumshtukiza.

Papa yako,
Séverin

Rajasthan
20 Februari 2025

Papa,

Leo sikuulizi hali.

Wateja wa fundi vigae humpigia simu. Biro yenye bafu ya nini? Na kwa nini Annick asomewe barua yangu? Sisi Wakongo mwanamke wa nje tunamwita biro ya pili. Ulidhani nikifika India nitasahau?

Umenitia kinyaa. Mavi ya popo yalitoka kwa sabuni, lakini hili nimelala nalo siku mbili na bado halijatoka. Ukanichagua mimi, mtoto wa Mama, nikuchoree njia ya kumkwepa!

Nitachora.

Larissa

Overport
6 Aprili 2025

Mwanangu,

U mzima? Wiki sita hupokei simu yangu.

Mchoro ulifika, ila kwenye simu ya mama yako. Chumba kina mlango mmoja tu, nao unafungukia jikoni, mbele ya kiti chake cha kusukia.

Hakupiga kelele. Aliuchapisha mkubwa, akaubandika ukutani. Mteja akiuliza, anajibu bila kuacha kusuka: "Hii iko biro ya pili ya Papa Séverin. Tunangojea matofali tu."

Jana Annick alikuja kusukwa, hakuwa na habari. Aliuona mchoro akiwa amesukwa upande mmoja tu wa kichwa. Mama yako akamwambia, "Ikala chini, dada, nimalize." Annick akakimbia hivyo hivyo. Leo asubuhi kwaya nzima imekiona kichwa chake.

Chumba sijengi tena. Nilimwomba mama yako aubandue mchoro, akasema nimwombe aliyeuchora. Ndiyo nakuomba.

Papa yako, kama bado unaniita hivyo,
Séverin