Leso Kavu

Mbinga, Ijumaa jioni

Niwie radhi, daftari langu. Tangu Jumatano ya Majivu sijaandika, kwa kuwa sikutaka kuandika uongo.

Siku ile niliwaambia wanajumuiya kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Kwaresima hii, nikasema, sisi wenye kisukari tutapanda mlima kwa miguu kwenda kanisani kila Ijumaa kwa Njia ya Msalaba.

Mimi nimepanda bodaboda kila Ijumaa. Nashuka kwenye kona iliyo chini ya kanisa, kisha naingia nikijifuta uso kwa leso kavu.

Leo Mama Otilia alichelewa. Kandambili yake ilikuwa na damu. Kidole kimechubuka, naye ana kisukari kama mimi.

“Shikamoo, Mwalimu. Nilitaka kugeuka pale mtoni nirudi nyumbani, nikasema, kama Mwalimu na uzee wake anafika, mimi nani?”

“Marahaba,” nilijibu. Nikaificha leso mfukoni.

Dereva wangu wa bodaboda, aliyepanda kunisubiri mlangoni, akacheka. “Mwalimu ana miguu, mama! Acha kabisa!”

Ijumaa ijayo Mama Otilia atapanda tena kwa miguu na kidonda kile.

Kumwungamia padri ni rahisi. Kumwambia Mama Otilia...

Nitakuandikia, daftari langu, nitakapokuwa nimeamua, nawe utanidai ukweli.