Mpira Uliodunda Mara Mbili

Bombambili, Songea

Baba,

Ule mpira ulidunda mara mbili. Niliuona. Sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio, kwa sababu sikujua niitaje dhambi yenyewe. Nakuambia wewe kwanza, ingawa wewe ndiye uliyekuwa karibu nao kuliko mimi, na pengine umejua siku zote.

Shikamoo. Nimechelewa kukuamkia. Niliogopa kwamba nikianza na salamu nitaendelea na salamu mpaka karatasi iishe, kama nilivyofanya hospitali Peramiho. Siku ile nilikuja na uji, nikakusalimu, nikakueleza habari za mvua, habari za mitihani, habari za kuku wa jirani. Kisha nikasema, "Baba, ile mechi," ukaanza kukohoa, nesi akaja akakuinua mgongo. Ulipotulia ukasema, "Ile mechi imekwisha, Imelda. Wewe soma." Nilidhani nitapata siku nyingine.

Nyumbani tupo. Mdogo wangu Tobi ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele ya wageni. Mama amelima shamba la Mpitimbi peke yake baada ya mazishi, na mahindi yametoka mafupi, lakini yametoka. Mimi nimeingia kidato cha tatu. Klabu ya shirika, ulikofanya kazi, imeuzwa pamoja na ofisi zake. Aliyenunua ana duka la jumla, na ukumbi wako wa skwoshi ameufanya stoo ya mbolea. Nilichungulia kupitia tundu la mlango. Magunia yamefika mpaka kwenye ule mstari mwekundu wa katikati ya ukuta. Harufu yake inaumiza macho. Nilitaka kukasirika nikakosa wa kumkasirikia. Mtu amenunua chumba kikubwa kisicho na dirisha, angefanya nini nacho?

Watu hapa mtaani hawakuwahi kuelewa kazi yako. Nilipokuwa shule ya msingi waliniuliza, "Baba yako anafanya kazi gani klabu?" Nikasema anafundisha skwoshi. Wakacheka, wakadhani ni kinywaji. Wanachama walicheza ili watoke jasho kabla ya bia. Wewe ulicheza ili sisi tule. Ulikuwa mwalimu wa kulipwa, na kwa miaka yote hiyo hawakukuruhusu kuingia kwenye mashindano yao, kwa sababu alipwaye haruhusiwi kushindana na wasiolipwa. Uliwafundisha kupiga, ukawafungia nyuzi za raketi, kisha ukakaa pembeni kuwahesabia pointi.

Ndipo ukaniletea kile kitabu cha sheria. Kilikuwa cha Kiingereza, kimetoboka, umekiokota kwenye kabati la katibu. Ukasema, "Wewe unapenda vitabu. Nifunulie hiki." Nilikitafsiri likizo nzima kwenye daftari la mistari. Bado nakumbuka mwanzo wake: wachezaji wawili, chumba kimoja, kuta nne, mpira mdogo wa raba. Kila mmoja aupige ufike ukuta wa mbele kabla haujadunda sakafuni mara ya pili. Pointi hupata mwenye servisi peke yake, yaani yule anayeanzisha mpira. Asiye nayo akishinda mpira, hupata servisi tu, si pointi. Mchezo ni pointi tisa, na anayetangulia kushinda michezo mitatu ndiye mwenye mechi. Mkifungana nane kwa nane, anayepokea servisi ndiye anayechagua: muishie tisa au mfike kumi. Ulipenda sana sheria hiyo. Ulisema, "Ona, aliyebanwa ndiye anayepewa kuchagua." Ulikuwa unaniomba nikusomee tena ukiwa unaupasha mpira moto viganjani, maana mpira wa baridi haudundi.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Mwaka ule shirika lilibandika orodha ya kwanza ya watakaopunguzwa, halafu ya pili, na kwenye ya pili jina lako lilikuwemo. Hukutuambia. Mama aliambiwa sokoni. Baada ya wiki mbili tukasikia kwamba mashindano ya kufunga msimu ya walimu wa kulipwa, yale ya kuzunguka mikoa, zamu yake ni Songea, na kwamba kuna klabu Dar es Salaam inatafuta mwalimu na itamchukua atakayeshinda. Kazi na nyumba ya kuishi ndani ya uzio. Ulipotueleza hayo ulikuwa unamenya muhogo, na ulimenya mmoja mpaka ukabaki mwembamba kama penseli. Mama akasema, "Utaumaliza huo." Ukacheka. Sijakusahau ulivyocheka.

Ulimshinda wa Morogoro, ukamshinda wa Iringa. Fainali ilikuwa wewe na Mwalimu Obedi wa Mbeya, aliyekuwa mdogo kwako miaka kumi na miwili na hakuwa anachoka. Mwalimu wa Iringa ndiye aliyetakiwa kuhesabu pointi, lakini asubuhi ile aliamka na homa anatetemeka. Wakatafuta mwingine. Wanachama waliojua kuhesabu walikuwa wamehamishwa au wamepunguzwa. Wewe ndiye uliyesema, "Binti yangu anazijua sheria kuliko mimi."

Watu walicheka kule juu roshani, anakokaa anayehesabu. Mhasibu wa shirika akasema kwa sauti, "Baba anacheza, binti anahesabu, basi mama naye aje agawe kombe." Mwingine akadakia, "Mwalimu Obedi, rudi tu Mbeya, hapa umeshafungwa." Obedi akainua kichwa akaniangalia. Nilikuwa nimevaa sketi ya shule kwa sababu ndiyo nguo yangu nzuri. Akasema, "Mtoto wa shule hasemi uongo. Mwacheni ahesabu." Alisema kwa wema. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Maana tangu hapo, Baba, sikuwa naangalia mpira peke yake. Nilikuwa najiangalia mwenyewe nisionekane nakupendelea. Kila pointi yako niliita kwa sauti ndogo na kila yake kwa sauti kubwa. Mchezo wa tatu ulipopiga ule mpira wa chini, karibu na lile bati la chini ya ukuta wa mbele ambalo mpira haupaswi kuligusa, sikuwa na uhakika kama uligusa bati au haukugusa, nikampa yeye. Ule sikuuona vizuri, kweli. Huo najisamehe.

Mchezo wa tano mlifungana nane kwa nane. Yeye alikuwa na servisi, kwa hiyo kuchagua kulikuwa kwako. Uliinama ukashika magoti. Ungeweza kusema tisa, ukajaribu bahati yako kwa pointi moja. Ukasema, "Kumi." Nilijua kwa nini. Ulitaka ushindi ambao hakuna mtu angeuita bahati.

Akapata ya tisa. Ukamnyang'anya servisi, nawe ukapata ya tisa. Akakunyang'anya. Tisa kwa tisa, servisi kwake. Mlipiga muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona, mpaka ukaudondosha mpira mbele kabisa, kwenye kona ya kushoto, laini kama mtu anayeweka yai. Obedi akakimbia, akajinyoosha karibu aanguke. Mpira ulidunda. Ukadunda tena, kidogo sana, kimo cha vidole viwili. Ndipo raketi yake ikaufikia. Akauinua, ukagusa ukuta wa mbele, ukakupita ukiwa umesimama. Ulikuwa umesimama kwa sababu ulijua mpira umeshaisha.

Neno langu lilikuwa moja tu: "Mbili." Ndivyo tulivyokubaliana tangu mazoezini, mpira ukidunda mara mbili anayehesabu aseme "Mbili" na kila mtu aache. Nililifikisha kwenye ulimi. Uligeuka, ukainua macho roshani. Mhasibu alikuwa nyuma yangu, nilisikia pumzi yake. Nikawaza, watasema. Watasema binti yake amemwokoa. Hata Obedi aliinua macho, anasubiri, kifua kinapanda na kushuka.

Nikasema, "Kumi kwa tisa. Mechi ni ya Mwalimu Obedi."

Ulikuwa na haki ya kupinga. Iko kwenye daftari, niliiandika mwenyewe kwa mkono wangu. Hukupinga. Uliniangalia kidogo tu, kisha ukaenda kumpa mkono. Tuliporudi nyumbani ulikokota baiskeli badala ya kuipanda, ili tutembee pamoja. Karibu na kisima ukasema, "Umehesabu vizuri, mama." Nimelirudia neno hilo nikitafuta kama lilikuwa na mwiba ndani, na siupati. Labda hukuuona mdundo wa pili. Labda uliuona, ukaona pia kwamba ukipinga utakuwa umemwita mwanao mwongo mbele ya watu waliokuwa wanangoja hilo. Sitajua. Nimekosa mtu wa kumuuliza, kwa kuwa aliye na jibu ni wewe.

Wala sijui kama ungeshinda. Ningesema "Mbili" ungepata servisi tu, bado tisa kwa tisa, na ulikuwa umechoka. Naujua ukweli huo, nimeuandika mara nyingi pembezoni mwa madaftari ya hesabu. Hausaidii. Wewe ulirudi Mpitimbi kulima, ukanyeshewa, ukashikwa na kifua. Obedi alikwenda Dar.

Alikuja kwenye arobaini yako. Hukulijua hilo. Alisafiri kwa basi siku nzima, akampa Mama kilo tano za sukari na khanga, akakaa mkekani na wanaume. Amenenepa kidogo. Kabla ya kuondoka aliniita pembeni penye banda la kuku. Akasema, "Binti, mimi nilikuwa nimejinyoosha, sikuona. Mkono ulihisi kitu lakini macho hayakuona. Nilikuangalia, ukaihesabu yangu, nikashukuru. Lakini ninafundisha watoto wa watu kule, na kila mmoja akiniuliza mpira wa namna ile, nakukumbuka. Uliona vizuri siku ile?"

Nikamjibu, "Niliona vizuri, Mwalimu."

Si uongo, ukiyasikia maneno yenyewe. Ndivyo nilivyo siku hizi, Baba. Najua kuchagua maneno. Alishusha pumzi, akanipa mkono, akaenda stendi.

Ninaacha hapa, Mama ananiita tukapukuchue mahindi.

Naendelea, leo ni siku ya tatu tangu niache.

Nilimwambia Mama. Sikupanga. Tulikuwa tunapukuchua, Tobi amekwenda mpirani, na mikono ikiwa na kazi ni rahisi zaidi kusema. Ilibidi nimweleze mchezo wenyewe, kwa sababu hakuwahi kuingia mle ukumbini hata siku moja, alisema pananuka viatu. Nikamwonyesha kwa punje ya mahindi: ikidunda hapa na hapa, imekwisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunipiga, hakulia. Akauliza, "Kwa hiyo tungekuwa Dar." Nikasema sijui, Mama, angepata servisi tu. Akasema, "Sikuulizi servisi." Kisha akapukuchua mahindi matatu. Nilihesabu. Halafu akauliza, "Huyo bwana ana watoto?" Nikasema alisema watatu, na kwamba nafikiria kumwandikia ukweli. "Basi mwache," akasema. "Baba yako harudi kwa barua." Akaingia ndani, na jioni ile alinipakulia chakula kama siku zote, ila hakuniangalia. Mpaka leo haniangalii sawasawa. Simlaumu.

Nimefikiri sana kuhusu alichosema na nadhani ana haki. Kumwambia Obedi hakukupi kazi wala pumzi. Kunaweza tu kumharibia usingizi mtu aliyekuja kutupa pole kwa heshima. Lakini aliniuliza, Baba. Alisafiri siku nzima, akaniuliza mimi, na ni mimi tu duniani ninayeweza kumjibu. Kwa mara ya pili nilinyamaza kwa kuogopa. Mara ya kwanza niliogopa watu. Mara hii hata sijui nilimwogopa nani, tulikuwa wawili tu na kuku.

Kwa hiyo nakuaga, kwa sababu nina barua nyingine ya kuandika na siwezi kuziandika mbili kwa moyo mmoja. Lala, Baba. Nakuahidi sitahesabu tena kwa kuangalia walio nyuma yangu. Sijui kama nitaweza, mimi ni mwoga na unanijua, lakini ndiyo ahadi niliyo nayo.

Binti yako,
Imelda

Nimeandika ile barua. Ni mistari mitano. Nimemwambia Obedi kwamba mpira ulidunda mara mbili, kwamba niliuona wazi, kwamba yeye hakuiba kitu kwa sababu hakujua, na kwamba si lazima anijibu. Asubuhi nilimwonyesha Mama. Aliisoma polepole akiwa amesimama mlangoni, akanirudishia. Hakusema nipeleke, hakusema nisipeleke. Nilikwenda posta kabla ya shule, nikasubiri wafungue, nikanunua stempu, nikaitia sandukuni. Halafu nikaenda darasani. Nilikuta kipindi cha kwanza kimeshaanza, nikasimama nje mpaka kilipokwisha.