Maneno Uliyomtia Mudiri Kinywani

Mwanakheri, ndugu yangu,

Niwie radhi kwa kimya changu. Huu ni mwezi wa nane tangu uzikwe, nami sijakuandikia hata mstari mmoja, ilhali ulipokuwa hai sikupitisha siku bila kukusahihisha jambo. Miezi ya mwanzo kalamu ilinishinda. Iliyofuata nilikuwa nimekukasirikia, na mimi siandiki nikiwa na hasira. Hilo niliwafundisha watoto wa Tanga kwa miaka ishirini na miwili, nisingeweza kulivunja kwa ajili yako. Sasa hasira imeisha. Limebaki jambo moja linalonisumbua, na wa kumweleza ni wewe uliyelianzisha.

Kwanza nikupe habari za nyumbani. Chumba chetu cha mtaa wa Najma ni kilekile, na kiyoyozi bado kinanguruma. Kinyozi wa chini amehama. Pale sasa wanauza simu. Khanga zako nilizifua, nikazipiga pasi moja moja, nikampa mama mmoja aliyekuwa akienda Unguja, naye amezifikisha kwa binti yako. Ile ya zambarau yenye doa la chai sikuitoa. Najua si haki yangu. Nimeizuia tu.

Kitanda chako amepewa msichana wa Nakuru, jina lake Mercy, muuguzi katika zahanati moja huko Al Mansoura. Ni mtu safi na mcheshi. Ijumaa asubuhi huenda kanisani, maana huku kwa Waarabu hata Wakristo husali Ijumaa, kisha hurudi akiimba ngazi nzima. Kiswahili chake kinanitia homa. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mwalimu, hii sufuria ni ya nani, naeza itumia?" Nilimkalisha chini tukaanza na viambishi. Alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima, kisha akasema, "Sawa Mwalimu, lakini naeza itumia?" Ungecheka hadi ukalia.

Kazini mambo yanakwenda. Bado nasimamia chumba cha mashuka pale hotelini. Pasi yako anaishika mama wa Kinepali asiyesema neno. Nilidhani ningefurahia utulivu huo, kwa kuwa kila siku nilikuwa nikikuambia, "Mwanakheri, kazi hufanywa kwa mikono, si kwa mdomo." Sikuufurahia.

Sasa nije kwenye tamthilia yetu.

Unakumbuka tulivyoianza. Ilikuwa Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, tumekwisha kusali na kula wali wako wa nazi, nawe ukawasha televisheni ukakuta Wakorea. Ofisi ya kampuni ya kutengeneza miavuli, mkuu wa idara kijana mwenye suti ya kijivu, na karani mmoja wa kike aliyekuwa akimwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiarabu. Mimi Kiarabu changu ni cha msahafu tu. Wewe uliyetumika miaka tisa katika nyumba za watu wa hapa ulikuwa ukikisoma kama gazeti. Ukasema, "Mwalimu weye tulia, mie ntakusomea." Majina yao yalitushinda, basi mkuu wa idara ukamwita Mudiri, na yule karani ukamwita Binti Miavuli. Nikakuambia kwamba huo ni upuuzi, ofisi si mahali pa mapenzi, na kwamba nitatazama sehemu moja tu. Tulitazama kumi na mbili.

Nakiri nilikuwa naisubiri Ijumaa. Nakiri pia kwamba nilikuwa nikimsubiri Mudiri. Alikuwa na maneno ya mtu aliyefikiri kabla ya kusema. Sehemu ya tano alimwambia yule binti, kwa kinywa chako, "Mimi ni mjane, watoto wangu wamekwisha kukua. Sitafuti mpishi wala mfuaji. Natafuta mtu wa kuzungumza naye, hata akiwa ananigombeza." Nikakuuliza, mbona mwanamume mwenyewe ana sura ya miaka ishirini na minane, hao watoto waliokua aliwapata lini? Ukajibu bila kugeuza shingo, "Wakorea hawazeeki, Mwalimu. Ni yale makabichi yao." Nami, mtu niliyesoma chuo cha ualimu, nikakubali.

Kisha ukaniuliza, "Ingekuwa ndiyo weye, ungemjibu nini?"

Nikasema, "Ningemwambia arudi kazini. Ofisi si mahali pa kutafutia mke."

Ulikaza macho kwenye maandishi. Nilidhani unasoma.

Baada ya siku ile Mudiri hakukoma. Sehemu ya nane alisema kwamba wakati wake wa kazi unakaribia kwisha, atarudi kwao pwani, ana nyumba yenye ua na mnazi mmoja. Nikasema, "Huko Korea kuna minazi?" Ukasema, "Kusini." Sehemu ya kumi na mbili alisema hatamshurutisha mtu, ila angependa kusikia jibu lililotoka moyoni, si lile la mdomoni. Siku ile sikumwambia arudi kazini. Wewe ulinitazama mimi badala ya televisheni. Jumatano yake shinikizo la damu likakuangusha ukiwa kwenye pasi, na Alhamisi hukuwepo tena.

Sikuigusa tamthilia ile kwa miezi. Siku moja Mercy alikuja na kompyuta yake akasema ana tamthilia moja tamu ya ofisini. Nikaiona suti ya kijivu. Nikamwambia aanze mwanzo. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu cha darasani kinatosha kusoma. Tulipofika sehemu ya tano nilikaa mkao wangu, nikasubiri yale maneno ya mjane. Mudiri akafungua kinywa. Aliagiza ripoti ya mauzo iletwe Ijumaa.

Nikamwambia Mercy arudishe nyuma. Akarudisha. Ripoti ya mauzo. Nikamuuliza, mbona hakusema kwamba ni mjane? Mercy akaniangalia kama mgonjwa wake. "Mjane wa nani, Mwalimu? Huyu hajaoa. Na hata hamwongeleshi huyo dem vizuri."

Tulizitazama zote hadi ya kumi na sita. Hapakuwa na watoto waliokua, wala mnazi, wala jibu la moyoni. Mudiri wa kweli ni kijana mwenye kiburi na maneno machache, na mwishoni humpenda yule binti kwa sababu mvua imenyesha. Nilikukasirikia, Mwanakheri. Niliona kwamba ulinichezea. Ijumaa kumi na mbili umeniketisha kama mtoto wa chekechea, unanitungia hadithi huku unajua kwamba sina njia ya kuhakikisha. Kwa mtu kama mimi, kutafsiri jambo lisiloandikwa ni wizi. Nilikuita mwongo kwa sauti, peke yangu jikoni.

Hapo bado sikuwa nimeelewa.

Nilielewa wiki iliyopita. Bwana Shaibu, yule dereva wa basi letu la wafanyakazi, mtu wa Kilwa, ametangaza kwamba mkataba wake unakwisha na hataongeza. Wasichana wa vyumbani walimnunulia keki, tukakusanyika nyuma ya jiko kumuaga mapema kabla zamu hazijatutenganisha. Nilikuwa nimebeba mataulo. Alipofika kwangu alivua kofia akasema, kwa sauti ya chini, "Mwalimu, sina kinyongo nawe. Jibu lako lilinifika: ofisi si mahali pa kutafutia mke. Nililipokea kwa adabu."

Yalikuwa maneno yangu, Mwanakheri. Neno kwa neno. Na mimi katika maisha yangu niliyasema mbele ya watu wawili tu, wewe na televisheni.

Nilirudi kwenye chumba chetu cha mashuka nikaanza kukunja mataulo yaliyokwisha kukunjwa. Yule mama wa Kinepali aliniwekea kiti.

Kesho yake niliomba ruhusa ya nusu saa nikamfuata kwenye basi, mchana, milango yote ikiwa wazi, ili pasiwe na la kusemwa. Nikamtaka anieleze kwa utaratibu. Akaeleza, akianza na ujane wake na mnazi mmoja wa uani kwake. Alisema kwamba hapa sina kaka wala mjomba wa kuendewa, na yeye hana shangazi wa kumtuma, basi akakuomba wewe uwe mshenga. Ulikubali, lakini ukamwambia, "Yule mwanamke ukimwendea wazi atakusahihisha mpaka usahau ulichokuja kuomba. Niachie mie, nna njia yangu." Kila Jumamosi asubuhi alikuwa akikuuliza mambo yamefikia wapi. Siku moja ulimjibu, "Vumilia, bado sehemu nne." Maskini ya Mungu, hadi leo hajui ni sehemu nne za nini. Ulipofariki, aliona mlango umefungwa, akashika lile jibu la kwanza kama ndilo la mwisho.

Nilimweleza habari za tamthilia. Alisikiliza, mikono juu ya usukani. Kisha alicheka kwa muda mrefu, akajifuta macho, akasema, "Basi yule Mkorea amenisemea vizuri kuliko ambavyo ningesema mwenyewe?" Nikamwambia ukweli: ndiyo, alisema vizuri sana.

Nimekufikiria sana tangu siku hiyo. Nimejiuliza ningejibu nini kama ungekuja kwangu ukaketi na kusema, "Mwalimu, nimetumwa." Ningekujibu vilevile, ila kwa ukali zaidi, na ningeikata posa kabla hujamaliza kulitamka jina lake. Ulilijua hilo. Kwa Mudiri sikuwa na sababu ya kujilinda. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa na miaka thelathini nilipoachika, na tangu hapo hakuna mwanamume aliyemaliza sentensi mbele yangu. Wewe ulimpatia mmoja nafasi ya kuzimaliza kadhaa.

Hata hivyo ulikosea, na nitalisema hata kama hupo. Mshenga hupeleka maneno akiyataja kuwa ni maneno ya nani. Ulichukua jibu nililompa kijana wa miavuli ukampa mtu mzima aliyekuwa akingoja kwa heshima. Aliumia bila mimi kujua kwamba nimemuumiza. Nimekusamehe, lakini lilikuwa kosa.

Nilipotaka kushuka kwenye basi, Bwana Shaibu aliniuliza, "Sasa nimtume nani, Mwalimu?" Nikamwambia asimtume mtu. Akavaa kofia yake, akaivua tena, akasema mwenyewe. Sitayaandika aliyoyasema. Hayakuwa na ufundi wa Mudiri, na alirudia neno moja mara tatu, nami sikumsahihisha.

Anaondoka mwisho wa mwezi. Fomu yangu ya kuongeza mkataba wa miaka miwili iko juu ya jokofu, na ofisi inaitaka Alhamisi. Nikiisaini, nabaki hapa na mashuka na Mercy na mambo ninayoyajua. Nisipoisaini, nakwenda Kilwa nikiwa na miaka hamsini na minne kujifunza kukaa na mtu. Naogopa vyote viwili kwa kiasi kilekile. Huyo mtu namjua kwa kioo cha basi tu, na kwa maneno uliyomtia mwingine kinywani. Nimemwomba siku chache. Amesema amekwisha kuzizoea.

Lala salama, mwenzangu. Mola akupe nuru huko uliko na akusamehe ile tafsiri. Nitakapokuwa nimeamua nitakuandikia siku hiyohiyo, kabla sijamwambia yeye neno. Mshenga ni wewe, na jibu hupitia kwa mshenga.

Dada yako,
Mwalimu