Neno Nililosimama Kulisema

Jumamosi, 31 Mei

Mzee Kosmas, mtu mzima na mvi zako, unafutaje mikono yenye mafuta ya karanga kwenye kitambaa cha altare? Najua ni wewe. Vidole vyako vinne vimebaki pale kama muhuri. Mzee wa kanisa mzima. Nimekifua mara tatu kwa maji ya ndoo moja, na hiyo ndoo tumeisubiri bombani tangu alfajiri. Kingekuwa cha kwako ningekuachia hivyo hivyo.

Nimepiga pasi. Mkaa mbaya, unarusha cheche. Hakijaungua.

Damiani anaranda mbao uani. Mjukuu wangu huyu nimemlea mwenyewe tangu mama yake afariki, sasa ana miaka ishirini na saba. Ufundi kajifunzia Ndanda. Mabenchi yote ya kanisa kayatengeneza yeye, hakuna hata moja linaloyumba. Sasa anaranda mninga. Za jeneza langu. Nimemwambia sitaki kuzikwa kwenye mbao za mwembe, zinapinda kabla matanga hayajaisha. Kacheka. "Bibi, mchwa watachoka kukusubiri." Mpumbavu. Nimecheka na mie.

Kesho kuna mkutano baada ya misa. Barua imetoka juu, inahusu wanaume wanaooana na wanaume huko Ulaya. Nina la kusema.

Jumapili, 1 Juni

Padri kasoma barua. Kijana, kaja mwaka jana, bado anaogopa watu. Barua inasema wale rafiki zetu wa kanisa la Ulaya, waliotujengea tangi la maji ya mvua, sasa wanabariki ndoa za namna hiyo. Kila mtaa wa kanisa useme msimamo wake.

Mzee Kosmas kasimama wa kwanza kama kawaida yake. Tukate urafiki. Na wa hapa hapa akijulikana, jina lisomwe, atoke. Makofi. Mwinjilisti Raymondi, mzee kuliko wote, akasema kazika watu wa kanisa hili tangu nywele zake nyeusi, walevi, wachawi, wenye nyumba ndogo, na hakuna aliyezuiwa mlangoni. "Huyu mmoja tu ndiye tumpimie mlango?" Wakamzomea. Ndani ya kanisa, wanamzomea mzee. Mama mmoja wa kwaya akauliza, tangi nalo tulibomoe au tuendelee kunywa? Watu wakacheka. Padri akasema mafundisho hayabadiliki, ila tusimchukie mtu. Kasema mambo mawili na yote kayaacha njiani.

Nikasimama. Nimesema hivi. Tatizo ni jando. Siku hizi mtoto anakatwa hospitali Jumatatu, Jumatano yuko barabarani anacheza mpira. Uanaume kamfundisha nani? Aliye hivyo ni mtu aliyefundishwa nusu. Ndugu zake wamlete, arudishwe likumbi, kwenye kambi ya jando, pamoja na wali, watoto wanaoingia jandoni mwaka huu, hata kama ana ndevu. Akae siku zote afundishwe upya. Akikataa, atoke kanisani.

Makofi marefu kuliko ya Kosmas. Padri kaandika. Imekuwa kanuni ya mtaa, kwa maneno yangu. Mie wa darasa la nne.

Jumatatu, 2 Juni

Sikutaka kuandika leo. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi namenya mihogo, namsimulia Damiani. Nimemsimulia yote, hata makofi. Yeye anaranda. Anaranda ubao ule ule mpaka nikamwambia, utaumaliza huo, mie nikalale kwenye karatasi? Akaweka randa chini.

"Bibi, mtu uliyemsema jana ni mimi."

Nikamwambia asinitanie. Hatanii. Yuko hivyo tangu ujana. Kaomba, kafunga Kwaresima na siku za kuongezea, hakuna kilichoondoka. Hana mtu hapa kijijini, hamtafuti mtu. Alitaka tu nisikie kwake, nisisikie kwa watu.

Nimempiga na mwiko. Begani. Hakukwepa.

Aibu imenijaa mpaka puani.

Jumanne, 3 Juni

Sijala. Yeye kala. Nimechukia kumwona anakula. Kisha nikamwongezea mboga.

Jumatano, 4 Juni

Kosa ni langu. Limenijia bombani, ndoo iko kichwani.

Damiani alipoingia jandoni alikuwa na miaka kumi. Siku ya tisa nikasikia ana homa. Mwanamke hakanyagi likumbi. Mie nilikanyaga. Nilifika mpaka kwenye ua wao, nikawatukana walezi wote, nikasema nipeni mtoto wangu au nachoma kambi. Wakanitolea. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Nikamkimbiza hospitali, akapona. Hakurudi tena. Wenzake wakatoka na nguo mpya, vigelegele, vumbi, ngoma. Yeye yuko kitandani kwangu anatafuna muwa.

Basi ndiyo hiyo. Siku zilizobaki hakuzipata. Nilimtoa nusu, mie mwenyewe.

Linatengenezeka.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekwenda kwa Padri. Nimemkuta barazani anachambua mbaazi. Mwanzoni sikutaja mtu. Kisha nikataja. Nikamweleza siku ambazo Damiani alizikosa, nikaomba aingie na wali wanaoingia kambini tarehe kumi na nne, kimya kimya. Tuseme anakwenda kutengeneza vitanda vya kambi.

Padri akaacha mbaazi. "Mama Hilda, hili ni la halmashauri ya kanisa."

Nikamwambia ni siri.

"Hukuja kwa kitubio, Mama. Ungepiga magoti ningefunga mdomo. Kanuni ni ya kwako, inasema ndugu wamlete. Umemleta."

Nimebaki nimesimama kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Magoti yananiuma, ndiyo maana sikuyapiga. Magoti tu.

Jumapili, 8 Juni

Halmashauri imekubali. Nimemwambia Damiani. Sikumwomba, nimemwamuru, ndivyo ninavyojua mie. Kakoroga uji wake mpaka ukapoa.

Kasema, "Bibi, sitabadilika. Lakini kama ni zile siku, nitakwenda nizimalize, moyo wako utulie."

Nimesikia la pili tu. La kwanza ndiyo kwanza nalisikia sasa, nikiliandika.

Alhamisi, 12 Juni

Bi Somoe jirani kaja kuazima kinu. Muislamu, Myao, mtani wangu tangu tuko wasichana. Kanikuta napinda shuka nyeupe.

"Nani kafa?"

Hakuna.

"Sasa shuka yote hiyo ya mwali gani, Mmakonde wewe? Au mwaka huu mnatahiri minazi?"

Nimecheka, mara ya kwanza wiki mbili hizi. Yeye akaacha kucheka. Akakaa chini, juu ya kile kinu.

"Mama Hilda, watu wanasema huko bombani."

Wanasema nini?

"Wanasema jina."

Halmashauri ina watu tisa. Wote wana wake na waume. Nilitegemea nini.

Bi Somoe kasema, "Msikitini kwetu nako wangemfukuza, usidhani. Lakini mie nisingempeleka kwa mkono wangu."

Nimemwambia achukue kinu aende. Nimemalizia pindo.

Jumamosi, 14 Juni

Wali walipangwa mbele ya kanisa, kumi na wawili, shuka nyeupe, vichwa vimenyolewa. Damiani wa mwisho mstarini. Kanyoa kichwa, kanyoa na ndevu. Wale wengine walimfika kiunoni.

Padri akapita na maji ya baraka. Kila mtoto anamtaja jina, anamnyunyizia. Alipofika kwa Damiani mkono ukashuka. Akageuka akarudi ndani, altareni. Hakumnyunyizia.

Hapo ndipo watu walipopata ruhusa. Baba mmoja akamvuta mwanawe kutoka mstarini. Wa pili. Wa tatu. "Hatuchanganyi watoto wetu na huyo!" Na Mzee Kosmas anapaza sauti, "Nani kamwingiza huyu?" Nani kamwingiza! Alikuwa kwenye kikao kilichopitisha. Vitanda wanavyolalia watoto hao majumbani kavitengeneza Damiani. Madirisha ya Kosmas kayatengeneza Damiani. Mtu akatupa bonge la udongo, likampata shingoni. Wekundu wa udongo ukashuka kwenye shuka mpaka kwenye pindo langu.

Nilitaka kusema. Mie ninayesema kila mkutano. Mdomo haukufunguka. Mwinjilisti Raymondi peke yake ndiye aliyekwenda kusimama karibu naye, na fimbo yake, mzee anatetemeka.

Damiani akavua shuka. Ndani ana kaptula na fulana. Akaikunja, pindo kwa pindo, kama nilivyomfundisha kukunja vitambaa vya altare. Akaniletea.

"Shikamoo, Bibi."

Sikuitikia.

Kashika njia ya Masasi, kwa mguu. Saa nne asubuhi, jua limewaka. Nimebaki na shuka mikononi.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda misa. Vitambaa vya altare viko kwangu. Watandike majani ya mgomba.

Jumatatu, 16 Juni

Nilikuwa na siku mbili nzima tangu Bi Somoe aniambie. Siku mbili za kumzuia mtu anayelala chumba cha pili. Nilikuwa nashona.

Jumatano, 18 Juni

Simu yake haipatikani. Binti yangu Hilda, anakaa Newala, kaulizia stendi. Mtu kasema kamwona Ndanda. Mwingine kasema anakwenda kuvuka Ruvuma aingie Msumbiji. Hakuna anayejua. Sanduku la vifaa liko hapa, msumeno, patasi, randa. Fundi bila randa atakula nini.

Nimejaribu kuomba. Nikipiga magoti nakumbuka kwa Padri sikupiga. Nainuka.

Jumapili, 29 Juni

Nimekwenda. Nimerudisha vitambaa, vimepigwa pasi. Kuanzia leo atafua mwingine. Nimekaa kwenye benchi la Damiani. Haliyumbi. Watu wote wamekaa, kila mtu na benchi lake la Damiani, wanaimba.

Komunyo sikwenda kupokea.

Baada ya misa nikasimama. Nikasema: ile kanuni niliisema mie, naiondoa. Niliisema kwa kiburi na kwa ujinga, nilidhani namsema mtoto wa mtu. Mzee Kosmas akajibu kanuni ikishaandikwa si ya Mama Hilda tena, ni ya kanisa. Halafu akasema Damiani hakuingia kambini, kwa hiyo kakataa, kwa hiyo anatoka kama kanuni inavyosema. Alitolewa mstarini! Nyote mlikuwepo! Nimewaangalia mmoja mmoja. Walikuwa wanaangalia viatu. Mama wa kwaya, yule mwenye maneno, akakohoa tu. Wakaleta daftari la Wakristo, lenye ubatizo wake na kipaimara chake. Mstari juu ya jina. Wino mwekundu, na rula, usipinde.

Wa Ulaya barua ya kukata urafiki tumewaandikia. Tangi tunaendelea kunywa.

Padri kanifuata nje. "Mama, moyoni niko pamoja nawe." Nimemwambia moyo wako haukunyunyiza maji. Macho yakamjaa. Mtoto wa watu, anaogopa walio juu yake. Sikumwonea huruma. Nina huruma ya mtu mmoja tu na sikuitoa ilipotakiwa.

Alhamisi, 3 Julai

Bi Somoe kaleta kinu, na bakuli la kunde ndani yake. Kakaa mpaka jua likageuka. Hakutania. Heri angetania.

Jumanne, 8 Julai

Nimekuwa nawaza. Ningemwacha kule jandoni siku ile ya tisa, angekufa na malaria. Wangemleta amefungwa kwenye shuka nyeupe, Padri wa wakati ule angemnyunyizia maji, kengele ingepigwa, jina lake lingekuwa daftarini mpaka leo bila mstari. Hicho ndicho wangenisifia. Nilivunja mwiko nikampata hai, na sasa nimemrudisha kwa mkono wangu.

Sioni mbele. Sina zaidi.

Ijumaa, 11 Julai

Upepo wa baridi. Mikorosho imeanza maua. Nimemenya mihogo, nimeanika. Simu bado.

Mzee Kosmas kamtuma fundi wake aje amalizie lile jeneza, eti wamenionea huruma. Nimemrudisha kutoka njiani.

Nimezishusha mbao nikazifuta vumbi. Ubao mmoja ni mwembamba kuliko wenzake. Ule aliouranda nikimsimulia makofi. Nimeuweka juu.

Hilda, daftari hili utalikuta wewe. Mbao zisiguswe na fundi mwingine. Nikifa hajarudi, nizikeni kwa mkeka, na shuka ile ile, udongo wake usiufue. Na simu yake ikipatikana, usimuulize yuko wapi. Kabla ya yote mwambie: bibi yako kasema marahaba.