Siku Tuliponyanyua Mikonga Yote

Odongo ndugu yangu,

Mkeo Akinyi bado anaamini kwamba siku ile ulipoanguka kutoka kwenye nguzo, mvua ndiyo iliyoharibu simu. Kila nikienda kumjulia hali ananiandalia samaki na kunishukuru. Samaki nawabakiza sahanini.

Unakumbuka tulivyobishana njia nzima kutoka Homa Bay hadi Kendu Bay, ngazi mabegani? Wewe ulitaka waya mmoja wa simu upite kwa wote: zahanati, shule, duka la Mzee Salim, ofisi ya chifu. Nguzo chache, kazi imekwisha. Mimi nikasema waya huo ukikatika mahali pamoja, wote walio mbele wanabaki kimya. Ukacheka. "Wacha maneno, omera, ndugu yangu! Waya moja inatosha watu." Kicheko chako kilinikera, wacha niseme kweli.

Tukajenga laini ulivyotaka wewe, na desturi yake tuliijua. Mmoja akipiga, kengele zinalia kwa wote, na kila mtu ananyanyua mkonga wa simu asikilize ya jirani. Sisi wenyewe tuliwakataza, kwa kuwa kila mkonga unaonyanyuliwa unapunguza sauti.

Siku ile dresa, mhudumu wa zahanati, alipiga Homa Bay kuomba gari la wagonjwa likuchukue. Habari za kuanguka kwako zilikuwa zimeshaenea, basi wote wakanyanyua kwa kukuhurumia. Mimi nilikuwa kwa chifu nikitengeneza kengele. Nikanyanyua pia. Mimi, fundi! Nilimsikia dresa akipiga kelele, "Gari! Leta gari!" na mtu wa kituo cha simu akiuliza, "Nani? Sema tena," hadi sauti ikapotea. Ningeweka mkonga chini. Ningewaambia wengine waweke. Lakini nilitaka kusikia kama u hai... Ikabidi mtu atumwe kwa baiskeli. Gari lilipofika, ulikuwa umeshatuacha.

Sasa kila mmoja ana waya wake hadi kituoni. Nguzo zimeongezeka, mgongo unaniuma, na kituo kikiharibika tunanyamaza wote pamoja. Hapo ungenicheka mpaka jioni. Mzee Salim analalamika kwamba siku hizi hajui hata nani amejifungua. Nimeshinda ubishi, na sina wa kubishana naye. Nakukumbuka sana.

Kesho asubuhi naenda kwa Akinyi kumwambia kwamba haikuwa mvua. Akinifukuza nitaondoka, kisha nitarudi kesho kutwa na jembe, nilime shamba la watoto wako, anisemeshe asinisemeshe.

Pumzika, Odongo. Mkonga mmoja ulikuwa mkononi mwangu.

Okello