Kilima cha Lourens

Vrede, 14 Septemba 1902

Mpendwa dada yangu Hester,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Kifua chako kinaendeleaje tangu utoke katika kambi ya wafungwa ya Waingereza? Mimi ni mzima, ingawa nalala chini ya turubai, kwani Waingereza waliichoma nyumba wakatuachia kuta nne tu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Wasema nihamie kwako Harrismith, kwa kuwa ndimi niliyekuwa na mwanao Lourens hadi mwisho. Kabla sijaja, nisikilize.

Kila Jumapili baada ya ibada, wazee wa hapa hupigana upya, kwa maneno, vita vyetu na Waingereza. Mzee Malherbe hudai kwamba kama tungaliuteka mji wa Ladysmith mapema, tungalifika baharini kabla meli za adui hazijashusha askari, na leo tungekuwa watu huru. Huwalaumu majenerali. Juzi alinigeukia: “Au siyo, Barend? Ulikuwepo, waambie hawa!” Nikainamia kahawa yangu.

Desturi yetu waijua: jenerali huamuru, lakini kila raia huamua mwenyewe kama atakwenda. Alfajiri ile ya Januari 1900, tulipouzingira Ladysmith, kamanda aliuliza nani atapanda kilima kilichoulinda mji. Niliinua mkono. Lourens akanicheka mbele ya wote: “Mjomba, magoti hayo yatafika? Au nikubebe mgongoni?” Nilimwambia atangulie, nitamfuata.

Hester, sikumfuata. Milio ya bunduki ilipoanza, niliketi nyuma ya jiwe huko chini. Tulikuwa wengi, na wote tulikuwa tumeinua mikono. Hakuna aliyetufokea. Walio juu walitungoja kutwa nzima, kisha wakashuka mvua ikinyesha, wamembeba mwanao, amekwisha kufa. Mmoja wao aliniambia kwamba Lourens aligeuka nyuma mara nyingi, akiwahimiza wenzake: “Shikilieni, mjomba wangu anakuja.”

Nilikuandikia kwamba alifia mikononi mwangu. Niliongopa. Pengine tungalishindwa hata kama tungalipanda sote, sijui. Najua tu kwamba majenerali hawakuketi nyuma ya jiwe lile, mimi niliketi.

Usinijibu kwa haraka. Ukiweza bado kuvumilia kuniona mezani pako, niandikie nije. Usipoweza, usijilazimishe kwa ajili ya marehemu mama. Kaa kimya, nami sitakuuliza.

Nisalimie majirani, na uvae sweta asubuhi.

Ni mimi ndugu yako akupendaye,
Barend Oosthuysen