Koso na Kosa

Rodi Kopany, Jumapili, likizo ya Agosti 1996

Asubuhi. Mawingu yameshuka kutoka upande wa ziwa na hayataki kunyesha wala kuondoka.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Baba. Jana polisi aliponiuliza kama Waya amekubali kosa, niliitikia kwa kichwa. Sikusema neno. Kichwa tu, mara moja. Na kwa sababu ya kichwa hicho Waya amelala selo.

Niandike ilivyokuwa kabla sijaanza kujitetea.

Waya ni dada mkubwa wa Baba. Jana saa nne tulikuwa tunapeleka gunia la omena kavu, dagaa wa ziwani, sokoni, limefungwa kwenye keria ya baiskeli. Yeye alishika usukani, mimi nikasukuma nyuma. Baiskeli ni ya marehemu mume wake. Waya hajawahi kuipanda. Hajui hata kuendesha.

Karibu na banda la fundi wa baiskeli, polisi kijana alitusimamisha. Aliizunguka baiskeli mara mbili, akasema haina kengele wala taa. Jua lilikuwa linawaka. Akasema faini tulipe hapo hapo, la sivyo twende kituoni.

Kiswahili cha Waya ni cha kuuza omena: bei, kipimo, hapana. Polisi naye si wa huku, Dholuo hajui. Kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa mdomo wa wote wawili. Nilipomweleza Waya, alicheka kidogo, akasema nimwambie polisi kengele ni ya mtu anayepanda. Nikatafsiri kwa sauti ndogo sana, hata polisi akaniambia niongeze sauti, mimi si redio iliyoishiwa betri. Wateja wa fundi wakacheka. Nikaona uso unanichoma.

Niko kidato cha tatu. Tumesoma kwamba faini hutolewa na hakimu, na kwamba mtu hana hatia mpaka korti iseme anayo. Swali hilo nililipata lote kwenye mtihani wa mwisho wa muhula. Pale barabarani nilitaka kuuliza risiti iko wapi. Polisi hakuwa na kitabu cha risiti. Alikuwa na daftari la kurasa arobaini na nane, kama langu la hesabu.

Sikuuliza.

Ndipo Waya akanigeukia. "Wachule, koso?" Tumlipe, ama? Basi, hivyo tu. Alikuwa ananiomba shauri, mimi niliyesoma, na kwa jinsi alivyonitazama alitaka niseme tusilipe.

Polisi alidaka neno la mwisho. "Umesikia? Amesema mwenyewe, kosa." Akanielekezea kalamu. "Amekubali kosa, siyo?"

Nikaitikia.

Nimejiuliza tangu jana kwa nini. Nadhani nilitaka tu waache kunitazama. Nilidhani mtu akikubali mambo yanaisha haraka, na kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Polisi akaandika kwenye daftari, akasema sasa alipe. Waya akakataa bila mimi. Alimwonyesha viganja vyake, akasema, "Mimi sukuma. Sukuma tu." Akapelekwa kituoni na baiskeli na gunia. Mimi nikafukuzwa, nikaambiwa nirudi nyumbani.

Baba hawezi kwenda. Kipande chake, yaani kitambulisho, kilipotea na hajapewa kingine, anaogopa wakimuuliza naye ataingia ndani. Asubuhi hii amenipa pesa zilizokunjwa. Amesema kazi yangu ni kupeana, si kuongea, na kwamba watu wanaoongea na polisi amewaona. Hakusema amewaona wapi. Sikuuliza hilo pia.

Pesa nimezitia ndani ya daftari langu la Kiswahili. Kwenye ukurasa wa nyuma nimeandika mistari miwili, kwa herufi kubwa:

KOSO (Dholuo) – au, ama.
KOSA (Kiswahili) – hatia.

Sijui nitatoa kipi kati ya viwili hivi. Nikitoa pesa, Waya atarudi nyumbani akiwa mkosaji aliyekiri, na mimi ndiye nitakuwa nimemkiria. Nikitoa ukurasa, huenda wakanicheka tena. Au wakaniweka naye.

Jioni.

Mvua haijanyesha bado.

Kituoni nilimkuta sajenti mtu mzima kwenye kaunta, na yule polisi kijana nyuma yake. Sajenti aliniuliza nimeleta nini. Nilifungua daftari. Pesa zilikuwa juu, akaziona. Nikazitoa, nikazirudisha mfukoni, nikamgeuzia ukurasa. Sijui nilifanyaje hivyo.

Alisoma taratibu, midomo ikicheza. Polisi kijana akasema, "Huyu ni mtoto wa debate, afande. Jana alikubali, leo amefundishwa." Nikasema hajanifundisha mtu. Nikasema jana niliitikia kwa sababu niliogopa, na Waya hakukiri, aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo lakini safari hii hakuna aliyeniambia niongeze.

Mama mmoja alikuwa anapiga deki mlangoni. Sajenti akamwita.

"Mama, koso ni nini?"

"Koso?" Mama hakuacha kupiga deki. "Si ni ama? Chai koso uji. Chai ama uji."

Sajenti akamwomba kijana lile daftari la kurasa arobaini na nane. Akauliza kama mama aliyekamatwa alikuwa amepanda baiskeli au anasukuma. Kijana akasema anasukuma, lakini baiskeli ni baiskeli. Sajenti akachora mstari juu ya neno "amekiri". Hakufuta yaliyobaki. Alisema Waya atatoka kwa bondi, yaani dhamana ya kuandikisha tu bila pesa, aende kortini Homa Bay Jumatano akamweleze hakimu, na baiskeli itabaki, ila gunia tuchukue. Akaniambia niandike maelezo yangu. Niliandika nusu ukurasa, kwamba niliitikia kitu ambacho hakikusemwa, nikaweka jina langu lote na sahihi.

Waya alitoka akiwa na unyasi kwenye kitambaa cha kichwa. Hakuuliza lolote kuhusu kesi yake, aliuliza kama gunia limelowa.

Tulilibeba pamoja, mmoja huku na mmoja huku. Tulipofika banda la fundi, ambalo Jumapili limefungwa, nilimwomba tulitue. Nikamwambia kuhusu kichwa changu. Nilimwambia kwa Dholuo ili pasiwe na neno la kudakwa. Aligeuka akatazama barabara. Nilidhani ataniacha hapo.

Akashika pembe yake ya gunia. "Jumatano utakuja uniongelee, koso?"

Nikasema nitakuja. Nikashika pembe yangu, tukalifikisha nyumbani. Nikamrudishia Baba pesa zake zikiwa zimekunjwa vile vile, kisha nikapiga pasi sare yangu ya shule, maana ndiyo nguo ya pekee niliyo nayo ya kwenda kortini.